Sura Iliyo Kisogoni: Mwanamke Aliyechorwa kwa Nyuma na Uchoraji wa Lubumbashi

Katika Kiswahili neno sura lina maana mbili ambazo kwa kawaida hukaa pamoja bila kugombana: sura ni uso wa mtu, yaani macho, pua na kinywa chake, na sura vilevile ni umbo la kitu kama kinavyoonekana kikitazamwa chote. Picha ya sura, ile inayochorwa kwa nia ya kumtambulisha mtu mmoja mahususi na si mwingine, huzikutanisha maana hizo mbili, kwa kuwa watu wengi huamini kwamba bila uso hakuna mtu. Lakini pale mchoraji wa rangi za mafuta anapomweka mwanamke anayemfahamu vizuri mbele ya turubai, kisha akamwacha ageuke, hata kinachobaki kuonekana kikawa kisogo, ukosi, mabega na bonde la uti wa mgongo, maana hizo hutengana, na mtazamaji hulazimika kujiuliza kama mtu anaweza kuwa na sura bila kuonyesha uso. Swali hilo linastahili kuulizwa Lubumbashi kuliko mahali pengi, kwa sababu mji huo wa mkoa wa Haut-Katanga, nchini Kongo, ni mji wa wachoraji, kwa sababu picha zilizotundikwa katika nyumba zake zimeupa uso wa mwanamke na mgongo wa binadamu maana nzito sana, na kwa sababu ardhi inayouzunguka imeshiriki katika rangi za mafuta za dunia nzima kwa namna ambayo wakazi wake hawaisimulii mara nyingi.

Ili kuielewa maana hiyo, ni lazima kurudi katika miaka ya 1960 na 1970, wakati ambapo wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu na wafanyabiashara wa Kamalondo, Katuba, Ruashi na Kenya (hii ya mwisho ni komini, yaani tarafa ya mji, na haihusiani na nchi yenye jina hilo) walinunua picha na kuzitundika katika chumba cha kupokelea wageni. Wachoraji walifanya kazi juu ya nguo ya mifuko ya unga iliyovutwa kwenye fremu ya mbao, wakazipeleka picha wenyewe kwa wanunuzi, nyumba kwa nyumba, na bei ilikuwa ya kumfaa mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika kwamba watu wenyewe waliieleza kazi ya picha hizo kwa neno ukumbusho, maana yake kitu kinachomfanya mtu asimame, akumbuke, kisha aanze kusimulia. Picha haikununuliwa ili kuupamba ukuta tu, bali pia ili kuyaanzisha mazungumzo, na mgeni aliyekaa kwenye kiti mkabala nayo alitarajiwa kuijua habari yake.

Miongoni mwa picha hizo hakuna iliyopendwa zaidi ya ile ya mamba muntu, mwanamke wa majini ambaye nusu yake ya juu ni binadamu na nusu ya chini ni samaki. Alichorwa ameketi ukingoni mwa maji, ngozi yake nyeupe au ya kahawia iliyofifia, nywele ndefu zimeshuka mabegani, mara nyingi akiwa na nyoka na wakati mwingine saa ya mkononi, na karibu daima alichorwa akimtazama mtu aliye mbele yake. Habari inayosimuliwa juu yake inaeleza kwa nini: mwanamume anayekubaliana naye hupata utajiri, lakini hulipa kwa siri, kwa uaminifu kwake peke yake, na hata kwa uhai wa ndugu. Uso wake ni wa biashara kwa maana kamili ya neno hilo, kwa kuwa macho yanayoelekezwa kwa mtazamaji ni macho yanayotoa ofa na kusubiri jibu. Baadaye, makanisa ya uamsho yalipoenea, familia nyingi zilimwona kuwa ni shetani, na mamba muntu akashushwa ukutani katika nyumba nyingi zilizokuwa zikijivunia kuwa naye. Kwa vyovyote, kwa kizazi kizima cha Lubumbashi, picha ya mwanamke ilikuwa picha ya uso unaomwita mtu.

Mgongo nao ulikuwa na picha yake. Wachoraji wengi wa mji, na juu ya wote Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1947, walichora tena na tena picha moja iliyoitwa Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji. Ndani yake kuna ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji, afisa mzungu anayesimamia, wafungwa waliovaa nguo za mistari, askari mweusi aliyeinua fimbo, na katikati mtu aliyelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, akichapwa. Wanawake huonekana pembeni, wamekuja kuwaletea chakula waume na ndugu zao. Tshibumba, ambaye kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zaidi ya mia moja zinazosimulia historia ya nchi kuanzia kwa mababu hadi wakati wake, aliiweka picha hiyo katika simulizi kama ushahidi wa jinsi utawala ulivyoendeshwa. Jambo ambalo halijasemwa vya kutosha ni kwamba, kwa sababu ya picha hiyo, mgongo ulio wazi uliotundikwa katika nyumba za Lubumbashi kwa miaka mingi ulikuwa mgongo wa mtu anayepigwa. Anayetaka kuchora mgongo kwa upendo katika mji huo anachora mahali ambapo fimbo imekwisha kupita, na hawezi kujifanya kuwa turubai yake ni tupu.

Lugha yenyewe haimsaidii sana, kwani methali husema akupaye kisogo si mwenzio, na kumpa mtu kisogo ni kumkana, kumsusa au kumkimbia. Hata hivyo kuna maarifa mengine ya kisogo ambayo methali haikuyagusa, nayo ni ya zamani kuliko methali yoyote. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa kikwembe, yaani kile kitambaa cha nakshi ambacho Waswahili wa mashariki hukiita kitenge, hukaa miezi mingi akiwa ameegemeza shavu kati ya makombe ya mabega ya mama yake, na kitu kilicho karibu zaidi na macho yake wakati mama anapotembea, anapotwanga, anapouza sokoni na anapoongea na watu wengine ni ukosi wa mama, mistari ya nywele zilizosukwa, na fundo la kitambaa cha kichwani. Anaujua mgongo huo kabla hajajua majina ya vitu. Miaka mingi baadaye, mtu huyo huyo akiwa sokoni katika umati wa watu, atamtambua mama yake kwa nyuma, kwa jinsi bega moja linavyoinama na kwa namna kikwembe kilivyofungwa, kabla uso haujageuka. Kwa hiyo picha ya mwanamke kwa nyuma, ikichorwa na mtu aliyemwangalia kwa muda mrefu, ni picha ya utambuzi wa kina, wala haimnyimi mtazamaji chochote. Inampa kile ambacho mgeni asingeweza kukiona.

Ulaya imekuwa na majadiliano marefu juu ya jambo hili, na Wajerumani wana hata neno moja kwa ajili yake, Rückenfigur, lenye maana ya umbo linaloonekana kwa mgongo, ambalo hutumiwa zaidi kuhusu picha za Caspar David Friedrich, aliyewasimamisha watu wakitazama machweo, bahari au dirisha. Lakini mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni wa Mholanzi Gerard ter Borch, ambaye mnamo 1654 alimchora mwanamke aliyesimama kwa nyuma katika gauni la atlasi la rangi ya fedha, mbele yake mwanamume ameketi akiinua mkono na pembeni mwanamke mwingine anakunywa. Katika karne ya 18 picha hiyo ilipewa jina la Nasaha ya Baba, na mshairi Goethe, katika riwaya yake ya 1809, akaieleza kuwa ni baba anayemwonya binti yake kwa upole. Wataalamu wa baadaye walipoichunguza upya walisema kwamba huyo mwanamume ni kijana mno kuwa baba, na kwamba huenda ni mchumba anayeposa, au hata mteja anayetoa sarafu katika nyumba ya ukahaba. Ukosi ule mmoja mweupe juu ya gauni lile umesomwa kama ukosi wa binti mtiifu na kama ukosi wa mwanamke anayenunuliwa, bila mstari wowote kubadilika. Uso ukifichwa, mtazamaji huuchora mwenyewe, na mara nyingi huchora alichokuja nacho kutoka nyumbani kwake.

Hiyo ndiyo hatari ya picha ya mgongo, na ndiyo sababu si kila picha ya aina hiyo inastahili kuitwa ya faragha kwa maana njema. Kuna migongo iliyochorwa ili iliwe kwa macho. Mchoraji Ingres alimchora mwogaji wake mashuhuri mwaka 1808, kitambaa kichwani, mgongo mpana usio na mfupa wala kovu, na mwanamke huyo hana habari kwamba anatazamwa. Uzuri wa kazi ni mkubwa, lakini mtazamaji amewekwa mahali pa mtu anayechungulia. Venasi wa mchoraji Velázquez, aliyelala akitupa mgongo, alikatwa kwa shoka dogo mwaka 1914 katika jumba la sanaa la London na Mary Richardson, mwanamke aliyekuwa akidai haki ya wanawake kupiga kura, na makovu hayo yalielekezwa kwenye mgongo na mabega ya turubai hiyo. Sababu aliyoitoa siku hizo ilikuwa kukamatwa kwa kiongozi wa wanawake wenzake, Emmeline Pankhurst, lakini miaka mingi baadaye alisema pia kwamba hakupenda jinsi wanaume walivyokuwa wakiikodolea macho picha ile. Hakuna haja ya kusifu uharibifu ili kuelewa malalamiko yake.

Kinyume cha hayo ni Vilhelm Hammershøi wa Denmark, aliyeishi Copenhagen na kumchora mke wake Ida mara nyingi kwa nyuma, ndani ya nyumba yao ya mtaa wa Strandgade ambayo waliishi kuanzia 1898 hadi 1909. Katika mojawapo ya picha hizo Ida amevaa gauni jeusi, ameshika sinia, na mahali pekee palipo wazi ni ukosi wake, sentimita chache za ngozi kati ya nywele zilizobanwa na kola. Hana sababu ya kumwonea aibu mtu, wala mchoraji hana sababu ya kumwiba. Wamezoeana kiasi kwamba anaweza kuendelea na shughuli zake huku akichorwa. Na mwaka 1988 Mjerumani Gerhard Richter alimchora binti yake Betty kwa rangi za mafuta, kutoka kwenye fotografia aliyompiga miaka takriban kumi kabla, akiwa amegeuza kichwa ghafla, nywele zake zimefungwa juu, koti lenye maua mekundu limemfunika bega. Picha hiyo, iliyo katika makumbusho ya sanaa ya Saint Louis, Marekani, ina urefu wa takriban mita moja tu, lakini ni vigumu kuiondokea, kwa sababu baba amechagua kumhifadhi mtoto katika ile nukta ambayo anaanza kutazama mambo yake mwenyewe. Faragha ya kweli katika picha za namna hii inatokana na ruhusa na mazoea kuliko inavyotokana na nguo iliyovuliwa.

Rangi za mafuta zinafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ya jinsi zinavyokauka. Rangi za maji hukauka maji yakiondoka kama mvuke, lakini mafuta ya mbegu za kitani, ambayo ndiyo mafuta yanayotumiwa zaidi, hukauka kwa kunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu, kazi inayochukua siku kadhaa kwa tabaka jembamba na miezi kwa tabaka nene. Mchoraji kwa hiyo hana haraka. Anaweza kurudi kesho akakuta bega bado bichi, akalilainisha kwa brashi au kwa kidole, akasubiri wiki, kisha akaweka juu yake tabaka la rangi iliyozimuliwa kwa mafuta hata mwanga ukapita ndani yake, ukagonga tabaka la chini na kurudi ukiwa na joto. Ngozi ya binadamu nayo hufanya kazi kwa namna kama hiyo, kwani mwanga huingia kidogo kabla ya kurudi, na ndiyo maana mafuta yamekuwa rafiki wa ngozi kuliko rangi nyingine zote. Sheria ya karakana inayosema tabaka lenye mafuta mengi liwekwe juu ya lenye mafuta machache, ili picha isipasuke, inamlazimisha mchoraji kujenga mgongo kama kinavyojengwa kiumbe, kuanzia mfupa kwenda ngozi.

Kwa ngozi nyeusi kazi hiyo inahitaji jicho lililofundishwa upya, kwa kuwa vitabu vingi vya uchoraji vya Ulaya vilifundisha kupata kivuli kwa kuongeza kahawia na kupata mwanga kwa kuongeza nyeupe, na matokeo yake ni ngozi ya majivu. Mgongo mweusi unaong'aa hupokea rangi ya kilicho juu yake: karibu na dirisha, ukingo wa kombe la bega huwa wa buluu ya anga, bonde la uti wa mgongo hukaa katika zambarau nzito, na mahali ambapo ukuta wa udongo mwekundu unarudisha mwanga, ubavu huwaka kama shaba. Katika Lubumbashi, mji ulio kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mwanga huo hubadilika kwa majira, kwa sababu wakati wa kiangazi vumbi jekundu huning'inia hewani na kuulainisha mwanga wa jioni, ilhali baada ya mvua za kuanzia Novemba mambo yote huwa na kingo kali. Mchoraji anayefanya kazi huko hana haja ya kuazima mwanga wa Copenhagen.

Wala hana haja ya kuazima rangi. Buluu ya kobalti, ambayo mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard aliivumbua mwaka 1802 na ambayo imekuwa mojawapo ya buluu zinazotegemewa zaidi na wachoraji wa mafuta, hutengenezwa kwa madini ya kobalti, na leo zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba. Si hilo tu. Chumvi za kobalti huongezwa katika mafuta ili kuyafanya yakauke upesi, kiasi kwamba chembe za madini haya hupatikana hata katika picha zisizo na buluu. Malakiti, jiwe la kijani la shaba ambalo mafundi wa Lubumbashi hulichonga na kuling'arisha kwa ajili ya wageni, lilisagwa kuwa rangi tangu Misri ya kale. Kutoka 1906, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa, na kuanzia 1967 iliporithiwa na kampuni ya serikali ambayo baadaye iliitwa Gécamines, utajiri huo umepelekwa nje kwa treni na malori, na kwa wachoraji wa mji umerudi, pale uliporudi, ndani ya vichupa vya rangi vinavyouzwa kwa bei ambayo wengi wao hawaiwezi. Mchoraji wa Katanga anayeweka buluu ya kobalti juu ya bega la mwanamke wa Katanga anairudisha nyumbani, na hilo si jambo dogo.

Zaidi ya mwanga na rangi kuna urithi, na hapa ndipo hoja ya makala haya inaposimama. Kaskazini ya Katanga ni nchi ya Waluba, ambao wachongaji wao walilichukulia umbo la mwanamke kuwa chombo cha mamlaka: roho ya mfalme, kwa imani yao, ilihitaji mwili wa mwanamke ili ikae, na ndiyo maana vigoda vya kifalme, fimbo za cheo, vishikio vya pinde na mito ya mbao ya kulalia hubebwa na sanamu za wanawake. Sanamu hizo hazikuchongwa kwa ajili ya upande mmoja. Wachongaji wa Ulaya walioweka sanamu ndani ya vidaka vya makanisa mara nyingi waliuacha mgongo bila kumaliza, lakini fundi wa Kiluba alilimbikiza ustadi wake mkubwa nyuma, pale ambapo nywele zimekusanywa kisogoni katika mafungu manne yanayokutana kama msalaba, na pale ambapo ntapo, yaani chale za mapambo zilizokatwa katika ngozi, zinapanda kiunoni na kuzunguka mwili. Chale hizo zilikuwa maandishi. Aliyezifahamu alisoma ndani yake hadhi na habari za mwenye mwili, na mwili usio na chale ulionekana kuwa haujakamilika.

Kati ya Waluba wa Shankadi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na mtindo wa nywele uliopangwa ngazi kwa ngazi kama maji ya maporomoko, uliochukua saa nyingi sana kusukwa, na aliyeuvaa hakuweza kulaza kichwa juu ya mkeka, hivyo alitumia musamo, mto mdogo wa mbao unaoshika ukosi na kuziacha nywele huru hewani. Mmoja wa mafundi waliochonga mito hiyo, ambaye jina lake halikuandikwa na ambaye wataalamu humtambua kwa maporomoko hayo ya nywele, aliwapa wanawake wake wadogo vichwa vinavyotanuka nyuma kama mabawa, kiasi kwamba anayezitazama sanamu zake kwa mbele tu hupoteza nusu ya kazi. Inafaa kutafakari kitu hicho: mwanamke wa mbao amebeba ukosi wa mwanamke wa mwili, usiku, katika chumba cha kulala. Kwa faragha ya mgongo wa mwanamke, sanaa ya Katanga haikuwa na haja ya kumsubiri Hammershøi.

Ni ajabu kwamba njia hiyo haikuendelezwa rangi zilipokuja. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyefungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar huko Elisabethville mwaka 1946, aliwakataza wanafunzi wake wasiige Ulaya na kuwaachia wachore kutokana na kumbukumbu na maumbile, na matunda yake yalikuwa mazuri: Pilipili Mulongoy akajaza karatasi kwa ndege, samaki na nukta, Bela akachora kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga akajenga miili kwa mistari mifupi iliyosukwa kama ukili. Kutazama mtu mmoja aliyeketi, kwa siku nyingi, hakukuwa sehemu ya mpango huo. Chuo cha sanaa alichokianzisha Mbelgiji Laurent Moonens mwaka 1951, na ambacho kilichukua nafasi ya karakana hiyo baada ya Romain-Desfossés kufa mwaka 1954, kilikuwa na uzito wake, lakini wanunuzi wa mitaani waliofuata walitaka ukumbusho wa wote, na mwanamke wa mtu mmoja hakuwa na nafasi katika simulizi la wote. Tena wachoraji karibu wote waliojulikana walikuwa wanaume. Antoinette Lubaki, aliyechora kwa rangi za maji huko Bukama mwishoni mwa miaka ya 1920 sambamba na mume wake Albert, anatajwa leo katika maonyesho makubwa kama lile la Beauté Congo lililofanyika Paris mwaka 2015, lakini kwa muda mrefu jina la mume ndilo lililotangulia.

Dalili za kurudi zipo, ingawa zimepitia njia nyingine. Malick Sidibé wa Bamako, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, aliwapiga wanawake fotografia kwa nyuma, wakiwa wamepiga magoti au kusimama mbele ya pazia la studio yake, vitambaa vimefungwa viunoni, na J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria, kuanzia 1968, alipiga picha takriban elfu moja za mitindo ya nywele, nyingi zikitazama kisogo moja kwa moja, hivi kwamba kila kichwa kimekuwa kazi ya usanifu. Lubumbashi kwenyewe, Sammy Baloji, ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa Picha, tamasha la sanaa la mji lililoanza mwaka 2008, amezichukua chale zilizopigwa fotografia na wakoloni kama vielelezo vya sayansi na kuzigongomelea katika shaba, na mwaka 2015 akapeleka Venice kuba la shaba lililojaa nakshi za ngozi hizo. Alichokifanya ni kuirudishia ngozi heshima kwa madini yale yale yaliyosababisha ipimwe na kuorodheshwa. Kilichobaki ni hatua moja zaidi, ya kuirudishia ngozi hiyo mwenyewe, mtu mmoja mwenye jina linalojulikana na aliyemchora, aliyeketi kwa ridhaa yake, akitazama dirisha lake.

Ridhaa ndiyo sharti lenyewe. Mama anayechorwa na binti yake akisukwa nywele barazani, mke anayejifunga kikwembe asubuhi huku mume wake akitafuta rangi ya ukosi wake, dada aliyeegemea mlango na mgongo wake umeelekea chumbani: hao hawamwiti mtazamaji kama mamba muntu, wala hawakulazwa chini kama mfungwa wa Colonie belge. Wana haki ya kutojibu. Mtazamaji wa picha ya namna hiyo hapewi uso wa kuuhukumu, kuutamani au kuununua, na kwa kuwa hapewi, hulazimika kufanya kile ambacho picha za mji huu ziliundwa kukifanya tangu mwanzo, yaani kukumbuka. Na ukosi anaoukumbuka huwa ni wa mtu wake mwenyewe.

Walimu wa sanaa wa Lubumbashi wawape wanafunzi wao mgongo kabla ya uso, na wawape muda wa mafuta kukauka. Wanafunzi wa kike wapewe nafasi ya kwanza ya kuwachora mama zao, maana wao ndio wanaoruhusiwa kuwa chumbani nywele zinapofumuliwa. Na yeyote atakayekutana na sanamu ya mwanamke wa Kiluba, iwe katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi au katika jumba lolote la ng'ambo, asiridhike na upande uliogeuzwa kwake. Azunguke, na kama kioo au ukuta umemzuia, amwombe mlinzi aigeuze.